Josphat Muthama Kitonga, Kinyozi wa Tawa, na Unga Uliotutia Hofu

Josphat Muthama Kitonga alizaliwa Kanyangi, Kitui, tarehe 14 Machi 1955, na akatuacha hapa Tawa, Makueni, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Ndinda, ambaye ndiye anayeusoma. Panapomhusu amejitaja kwa jina, sawa na wengine wote, kwa sababu alichokifanya ni sehemu ya yaliyompata baba yake.

Muthama alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Kitonga na marehemu mama Kaveke. Wazazi wake walikuwa wakulima wa ndengu na mtama, na walifuga mbuzi. Dada yake mkubwa, Wayua, ndiye aliyemlea Muthama wakati mama yao alipokuwa shambani. Wayua yuko nasi leo, amekaa hapo mbele. Husema kwamba Muthama alikuwa mtoto wa kunyamaza, aliyependa kukaa karibu na mtu mwenye kazi ya mikono na kuitazama kazi hiyo hadi iishe.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kanyangi kuanzia mwaka wa 1963, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1969. Aliendelea na sekondari hadi kidato cha pili, mwaka wa 1971, baba yake alipofariki na masomo yakaishia hapo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Hadi tulipokuwa wakubwa, barua za shule, za chifu na za kanisa ziliandikwa na yeye, kwa wino wa buluu, mistari imenyooka utadhani ameiwekea rula.

Mwaka wa 1972 alikwenda Kitui mjini kwa mjomba wake aliyekuwa kinyozi. Kwa miaka minne alifagia nywele, alinoa nyembe, na hatimaye akaruhusiwa kunyoa. Mwaka wa 1976 alivuka kuja Tawa akiwa na mashine ya mkono, kioo kimoja na kiti cha kukunja, akaanza kazi kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa 1988 alipata chumba chake karibu na kinu cha kusagia, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka thelathini.

Wengi mlio hapa mlinyolewa na yeye mkiwa wadogo, na mtakumbuka jinsi alivyowatendea watoto waliokuwa wakiogopa. Hakuwashika kwa nguvu. Alikaa yeye kwenye kiti, akajifunga kitambaa shingoni, akampa mtoto mashine iliyozimwa na kumwambia, "Ninyoe wewe kwanza." Mtoto alizungusha mashine kichwani mwa Muthama hadi akachoka. Kisha Muthama alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Asante, fundi. Umenitoa vizuri." Baada ya hapo walibadilishana viti. Nyumbani alituambia kwamba mtu mwenye hofu hapaswi kuchekwa wala kuharakishwa. Tulikuja kuyaelewa maneno hayo baadaye, zamu ya kuogopa ilipokuwa yake.

Alimpata mke wake kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Nthenya, msichana wa Kasikeu, alimleta mdogo wake kunyolewa siku ya soko, kisha akasema mstari wa nyuma umepinda. Muthama alisema haujapinda. Nthenya akasema umepinda. Muthama aliurudia mara tatu, na kijana akarudi Kasikeu akiwa na upara. Soko lililofuata Nthenya alikuja peke yake kuomba radhi. Walifunga ndoa kanisani Kasikeu tarehe 12 Desemba 1981. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ndinda, Mutunga na Mutanu. Kuanzia mwaka wa 1999 Muthama alikuwa mzee wa kanisa letu hapa.

Mnamo Oktoba 2016, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kucheza chenyewe. Kilicheza pale alipokuwa amepumzisha mkono pajani. Akishika mashine kilitulia. Alikificha mfukoni mwa koti la kazi. Nthenya aliona, lakini aliogopa kuuliza. Baada ya Krismasi mtetemeko ulianza kumfuata hata akiwa na wembe. Februari 2017 alimkata sikio mwalimu mstaafu aliyekuwa mteja wake tangu miaka ya themanini. Ilikuwa damu kidogo tu. Mwalimu alijipangusa, akamtazama kwenye kioo, akauliza kwa upole, "Muthama, huo mkono umeanza lini?" Saa nne asubuhi Muthama alifunga chumba chake cha kinyozi, akaenda nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Agosti mwaka huo daktari bingwa wa Nairobi alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Alimweleza Muthama na Ndinda kwamba ubongo ulikuwa unaishiwa na kitu kinachoitwa dopamini, na kwamba vidonge atakavyopewa vinaupa mwili kitu cha kutengenezea hiyo dopamini. Alieleza pia kwamba ugonjwa huu hauishii mikononi. Unaweza kugusa neva zinazoongoza presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa husimama na presha ikashuka ghafla. Ndinda anakiri kwamba hilo la pili halikumwingia. Alikuwa akitazama mkono wa baba yake juu ya meza ya daktari.

Mwaka wa 2018 Muthama alimwachia Mutunga mashine. Aliendelea kwenda kinyozi kila siku, akakaa kwenye benchi la wateja akizungumza na watu. Vidonge vilimsaidia, lakini alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Miguu iligoma mlangoni kana kwamba imegundishwa chini. Chakula kilimpalia. Kuna wiki ambazo kemisti ya Tawa haikuwa na dawa zake, wala ya mji wa Wote, na alivimega vidonge vilivyobaki nusu nusu. Nthenya alizoea kusimamisha kijiko chake mwenyewe hewani hadi amsikie mumewe amemeza.

Machi 2022 muuzaji wa dawa za asili alipita kinyozi na mkoba. Alikuwa na unga wa kahawia kwenye mkebe ulioandikwa kwamba ni wa mishipa, moyo na nguvu za mwili. Aliutazama mkono wa Muthama, akasema, "Mzee, hii ni chakula, si dawa. Imetoka kwa shamba. Kitu asili hakiwezi kukudhuru, na hata daktari hana haja ya kujua." Muthama alianza na vijiko viwili kila asubuhi ndani ya uji, juu ya vidonge vyake vya kawaida.

Ulimsaidia, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Wiki ya tatu mkono ulitulia. Jumamosi moja ya Aprili alisimama kutoka kwenye benchi, akamwambia Mutunga akae kwenye kiti, akamnyoa mwanawe kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusita. Mutunga alilia, na watu waliokuwa wakingoja walisimama kutazama. Ndinda alipigiwa simu kazini kwake Wote, naye alilia pia. Mwezi wa Mei, Muthama alipoukosa ule unga sokoni, ni Ndinda aliyeutafuta Wote na kumletea mikebe miwili. Juu yake aliongeza chupa ya vidonge vya kijani vilivyoandikwa kuwa ni vya mimea ya kuimarisha moyo, kwa kuwa baba yake alikuwa ameanza kulalamika kwamba moyo unamwenda mbio. Hakumwambia daktari. Alifikiri anamtunza baba yake.

Muthama naye aliwaambia wengine. Kinyozi ni mahali pa mazungumzo, na watu walikuwa wameuona mkono wake. Aliyekuwa na presha aliambiwa ajaribu, aliyekuwa na ganzi miguuni aliambiwa ajaribu. Kwa neno lake watu kumi na mmoja walinunua unga ule au vile vidonge vya kijani. Kati yao alikuwa dada yake Wayua kule Kanyangi, aliyekuwa akitumia dawa za presha kwa miaka mingi, na rafiki yake Nthiwa wa Kasikeu, aliyekuwa mgonjwa wa moyo.

Kufikia Juni alikuwa anakoroga vijiko vinne. Shingo na mabega yalianza kujinyonganyonga akiwa ameketi. Akisimama alishika ukuta. Alisema ni uchovu.

Jumapili tarehe 12 Juni 2022 tuliposimama kanisani kuimba wimbo wa pili, Muthama alisimama na sisi, akageuza uso kumtafuta Nthenya, akaanguka kati ya viti. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nthenya alimshika mkono chini ya kidole gumba, mahali pa kupimia mapigo. Alisema moyo unapiga mara nyingi, unaruka, unanyamaza, kisha unaanza tena. Ndinda alikuwa nje akizungumza kwa simu. Aliporudi ndani aliona viatu vya baba yake vikiwa vimeelekea juu. Anasema hajawahi kuogopa hivyo, na hofu ile haijamtoka hadi leo.

Katika hospitali aliyopelekwa alipokelewa na daktari kijana, Bilan, mzaliwa wa Garissa. Alimpima presha akiwa amelala, kisha wakamwinua polepole akampima tena. Alipoona namba ya pili aliagiza alazwe chini mara moja. Aliunganishwa na mashine ya moyo, na sote tulikaa tukitazama ule mstari.

"Mzee," daktari aliuliza, "mbali na hizi dawa za Parkinson, kuna kitu kingine unatumia? Hata cha kienyeji. Hata chai."

"Hakuna," Muthama alisema.

Daktari alimgeukia Ndinda, akangoja. Ndinda alikuwa na mkebe mwingine na chupa nyingine ya vidonge vya kijani kwenye mkoba, kwa sababu alikuwa amepanga kumpa baba yake mchana huo baada ya ibada. Alivitoa akaviweka kitandani.

"Nilimletea mimi," alisema.

Daktari Bilan alisoma mkebe pande zote. Kwa herufi ndogo kabisa, chini, palikuwa na jina la mbegu. "Hii ni upupu," alisema.

"Upupu gani?" Muthama aliuliza. "Ule wa kuwasha?"

"Huo huo, mzee. Manyoya ya ganda ndiyo huwasha. Mbegu yake ndani ina kitu kile kile kilicho kwa vidonge vyako. Kwa hivyo umekuwa ukimeza dawa yako, halafu unameza dawa yako tena, na hakuna mtu anajua ni kiasi gani kwa kila kijiko. Ndiyo maana mkono ulitulia. Ndiyo maana pia presha inaanguka na moyo unaenda mbio."

"Na hivi vya kijani?" Ndinda aliuliza.

Daktari aliigeuza chupa. "Hapa wameandika mimea tu. Inaweza kuwa kitu cha kushusha presha, na yake iko chini tayari. Inaweza kuwa kitu cha kusukuma moyo. Sijui kilicho ndani, na hilo ndilo linaniogopesha."

Muthama hakuuliza habari za mwili wake. Aliuliza, "Mtu wa presha akikunywa hii na kuacha dawa zake, itakuwaje?"

"Kwani ni nani huyo?"

"Ni wengi," Muthama alisema, akaanza kutetemeka mwili mzima, na kwa mara ya kwanza hatukuweza kujua kama ni ugonjwa au ni hofu.

Alilazwa siku kumi na nne. Daktari Bilan aliviondoa vile vidonge vya kijani siku hiyo hiyo, lakini unga aliupunguza kidogo kidogo huku akirekebisha dawa. Alitueleza kwamba mgonjwa wa Parkinson akikatiziwa ghafla mwili unaweza kukakamaa vibaya. Mapigo ya moyo yalitulia siku ya nne. Kuanzia siku hiyo Muthama alianza kuwapigia simu wale watu kumi na mmoja. Sauti yake ilikuwa imepungua kwa ugonjwa, na wengine hawakumsikia vizuri. Wengine walicheka. Mmoja alimwambia, "Wewe si ulipona? Mbona unataka sisi tusipone?" Simu ya Nthiwa haikupatikana.

Alipotoka hospitalini tarehe 26 Juni tulimwomba apumzike. Alikataa. Alisema aliwaambia watu ana kwa ana, na atawaambia ana kwa ana kwamba alikosea. Mutunga aliomba gari la jirani, wakaanza na Tawa. Nyumba kwa nyumba, Muthama alishuka akishikwa mkono, akakaa, akaeleza. Hakuwaambia watupe chochote. Aliwaambia wabebe mkebe waende nao kwa daktari, na wasiache dawa zao za hospitali.

Tarehe 30 Juni walikwenda Kanyangi kwa Wayua. Wayua amekubali haya yaandikwe. Alikuwa ameacha vidonge vya presha tangu Mei, na alikuwa anajisikia vizuri.

"Wewe ndiye uliniambia," Wayua alisema.

"Ndiyo, mimi nilikuambia. Sasa nakuambia nilikosea."

"Mara hii unasema hivi, mara hii unasema vile. Nitajuaje ni gani?"

"Twende zahanati upimwe. Wakisema uko sawa, nitanyamaza."

"Siendi. Nina kazi."

Muthama alikaa kwenye kiti uani. Alikaa tangu saa tano hadi saa nane. Alikataa chai, jambo ambalo nyumbani kwa dada yake hakuwahi kulifanya. Wayua alipita mbele yake na ndoo, akapita tena, mwishowe akasimama. "Muthama, unalia?"

"Naogopa," alisema. "Wewe ndiye ulinilea. Naogopa nimekuua."

Wayua aliweka ndoo chini, akaenda kuchukua leso ya kujitanda. Zahanati walipompima hawakumruhusu kurudi nyumbani. Presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba muuguzi aliipima mara tatu akidhani chombo kimeharibika. Alilazwa siku sita.

Muthama hakumkuta Nthiwa. Muthama alifika Kasikeu tarehe 4 Julai, akaona viti vya kukodi vikiwa vimepangwa kando ya nyumba, tayari kurudishwa. Nthiwa alikuwa amefariki ghafla tarehe 23 Juni akipalilia, na alikuwa amezikwa Jumamosi tarehe 2 Julai. Ile simu ilikuwa imezimika chaji ndani ya sanduku. Mjane wake, Mbithe, alitoka kumpokea akidhani amekuja kutoa pole. Muthama alitoa pole. Kisha, akiwa bado amesimama, alimwambia yote: unga ni upupu, vidonge havijulikani ni nini, na ni yeye aliyempa Nthiwa jina la muuzaji.

Mbithe alikaa chini kwenye ngazi. Mutunga anasema alitamani wangeondoka.

"Nilikuwa namkorogea mimi," Mbithe alisema hatimaye. "Kila asubuhi."

"Pole, mama."

"Moyo wake ulikuwa mgonjwa hata kabla. Siwezi kukuambia haikuwa hiyo dawa. Siwezi kukuambia ilikuwa hiyo. Hatukumpima, na sasa hatutajua." Alijifuta uso. "Lakini umekuja ukaniambia mwenyewe. Uwe unakuja. Usinikimbie."

Muthama hakumkimbia. Kila mwezi, hadi miguu ilipokataa kabisa, alipelekwa Kasikeu, akakaa na Mbithe saa moja au mbili. Mara nyingi hawakuzungumza habari hiyo. Mbithe yuko hapa leo, na aliusoma ukurasa huu kabla haujachapishwa.

Muuzaji alirudi kinyozi mwezi wa Agosti. Alikuwa amesikia. "Mzee, unaniharibia jina sokoni," alisema.

"Niambie tu kilicho ndani ya hivyo vidonge vya kijani," Muthama alimjibu, akionyesha chupa ndani ya mkoba wa muuzaji. "Ukiniambia, nitawatajia watu, wachague wenyewe."

Muuzaji aligeuza chupa, akasoma. "Mimea asili."

"Hiyo nimesoma. Nataka kujua ni gani."

Muuzaji aliirudisha chupa. Aliufunga mkoba wake, na hatukumwona tena Tawa.

Miaka mitatu iliyofuata haikuwa rahisi. Presha iliendelea kumsumbua, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huishusha. Alikunywa maji mengi, alivaa soksi za kubana, alikula kidogo kidogo, na hakumeza kitu chochote ambacho Daktari Bilan hakukijua, hata majani ya chai ya mkono wa jirani. Ndinda alimpelekea daktari picha ya kila kitu kwa simu. Lakini moyo wake ukiruka pigo moja tu, Muthama alishika kifua, na macho yake yalimtafuta mtu. Sisi sote tulikuwa hivyo. Tulijifunza kulala, kula na kuongea huku sikio moja likiwa kifuani mwake.

Mwezi wa Mei mwaka huu alimwita Ndinda akamwambia, "Utaandika wasifu wangu. Usiandike kwamba niliugua kwa ujasiri."

"Baba, watu huandika hivyo kwa heshima."

"Niliogopa kila siku. Ukiandika sikuogopa, yule anayeogopa akisikia atadhani yuko peke yake. Na uandike habari ya unga. Mtaona aibu, lakini andika."

"Na sehemu yangu?"

"Andika hata yako. Ulinipenda ukakosea, kama mimi na Nthiwa. Mimi sikukuhesabia hilo, na wewe usijihesabie."

Tarehe 21 Agosti chakula kilimwingia mapafuni, akashikwa na nimonia. Alilazwa, akarudi nyumbani tarehe 2 Septemba akiwa mnyonge sana. Asubuhi ya tarehe 9 alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Daktari alikuwa ameagiza asisimame kabla presha haijakaa sawa, na Nthenya alikuwa na desturi ya kumshika mikono na kuhesabu kwa sauti, kwa Kikamba, hadi mia moja, ndipo amwinue. Alipofika arubaini na kitu Muthama alisema, "Ngoja," akaegemeza kichwa begani kwake. Nthenya alihisi mikono imelegea. Alijua. Lakini aliendelea kuhesabu, kwa sababu aliogopa kitakachokuja akinyamaza. Alifika mia moja, ndipo akamwita Mutunga.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Ndinda aliuliza kama unga wa mwaka ule ulikuwa umeudhuru. Daktari alisema hawezi kujua. Huenda ni ugonjwa, huenda ni nimonia, huenda ni umri. Familia imelipokea jibu hilo, ingawa linatutisha kuliko jibu lingine lolote. Tunalosema kwa niaba ya baba ni hili: mwenye mkebe kama ule nyumbani asiuache kwa siri na asiutumie kwa siri. Aubebe aende nao kwa daktari wake, hata leo jioni zahanati ikiwa wazi.

Josphat Muthama Kitonga alikuwa na umri wa miaka sabini. Amemwacha mke wake Nthenya. Watoto wake Ndinda, Mutunga na Mutanu. Wakwe wawili na wajukuu watano. Dada yake Wayua na ndugu zake wawili walioko Kanyangi. Mbithe wa Kasikeu, ambaye aliagiza atajwe pamoja na jamaa. Na watu wa Tawa ambao vichwa vyao alivijua kuliko sura zao.

Baba, hakuna tena cha kuogopa kwako. Mungu aupumzishe mkono wako, aupumzishe moyo wako, nasi atushike tunaobaki tukiogopa.